Chembe Nje ya Ngozi

Vijana wangu, kila mkija hapa Hamugembe kunisalimia mnaniuliza swali lile lile: mzee, miaka yote ile ulikaa karibu na mionzi ya eksirei, hukuogopa? Mnauliza huku mkinitazama vidole, kana kwamba mnahesabu vilivyobaki. Vipo vyote kumi. Mionzi niliiogopa kiasi, kama mtu anavyoogopa nyuki wa jirani. Nilichokiogopa hasa ni filamu yenyewe. Filamu ikishakauka mtu anakatwa, na akishakatwa huwezi kumwambia samahani, nilikosea, tuanze upya.

Ninyi picha zinawatokea kwenye kompyuta mkiwa mmekaa. Mnakuza, mnapunguza, mkitaka mnampigia simu mwenzenu Dar es Salaam atazame pamoja nanyi. Sisi tulikuwa na chumba cha giza, taa nyekundu, madumu mawili ya dawa na Mzee Sudi.

Mzee Sudi ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mwislamu wa mjini Bukoba. Babu yake alitoka pwani, akaoa hapa, asirudi tena. Mimi nilikuwa kijana wa Kashozi, Kiswahili changu cha shuleni na bado kilikuwa kinanukia migomba, kwa hiyo akisema yeye nilisikiliza kama redio. Alijua dawa ya kuoshea filamu imepoa mno kwa kuchovya kidole tu, na alijua imechoka kwa kuinusa. Mikono yake ilinuka siki mpaka sikukuu ya Idi. Mkewe alimlalamikia, naye akawa anajibu kwamba harufu hiyo ndiyo iliyomlipia mahari.

Vita vya Kagera vilinikuta kazini nina miezi michache. Mizinga tuliisikia kutoka upande wa mpakani, na madirisha ya chumba cha giza, ambayo tulikuwa tumeyaziba kwa mablanketi, yalitikisika mpaka vumbi likatuangukia ndani ya dawa. Majeruhi waliletwa na malori. Siku moja akaletwa askari mmoja mwenye jeraha la mguu, lakini tumbo nalo lilikuwa limevimba kidogo, wakaniambia nipige picha ya tumbo. Nikapiga, nikaosha, nikaning'iniza filamu. Katikati ya tumbo, risasi nzima, imelala kama samaki kwenye sahani. Nilitoka mbio kumwita daktari. Walikuwa wameshaanza kunoa visu ndipo Mzee Sudi alipomwendea yule askari, akampapasa kiunoni, akaingiza vidole kwenye pindo la kaptula na kuitoa. Askari mwenyewe alikuwa ameishona pale kama hirizi. Ilikuwa risasi iliyomkosa siku ya kwanza ya vita, na alisema akiwa nayo nyingine hazitampata.

Mzee Sudi alinipiga kofi la kisogoni, si la kuumiza. Akasema, "Muulize mgonjwa amevaa nini. Kisha usimwamini. Tazama mwenyewe."

Mara nyingine ilikuwa msimu wa senene, wale panzi tunaowala. Tuliacha filamu zikauke dirishani, asubuhi tukakuta senene mmoja amenasa kwenye filamu ya mkono wa mtoto, mguu wake umeganda juu ya mfupa. Daktari mgeni aliandika mfupa umevunjika. Mzee Sudi alimbandua senene kwa ukucha, mfupa ukapona papo hapo. Tulicheka wiki nzima. Nawaambieni haya mjue kwamba nilifundishwa, tena nilifundishwa vizuri. Kosa nitakalowasimulia sikulifanya kwa kutojua.

Baada ya vita likaja balaa jingine, ugonjwa. Tuliuita Juliana, jina la vile vitambaa vya mashati vilivyokuwa vikivushwa kwa magendo kutoka Uganda, maana waliotangulia kufa walikuwa vijana wa biashara hiyo. Jina la Ukimwi lilikuja baadaye. Sina haja ya kuwasimulia sana, waulizeni babu na bibi zenu. Mjue tu kwamba ilifika wakati ukipita kwenye vibanja unakuta udongo mpya kati ya migomba kila boma, na watu wakikutana njiani hawaulizani hali za nyumbani, wanaogopa jibu. Mtu akikonda, watu wanapunguza kumtembelea. Mtu akivimba tezi kwapani, anavaa sweta kwenye jua.

Katikati ya balaa hilo hospitali yetu ikaletewa mashine ya kupiga picha matiti. Ilikuwa kuukuu, zawadi ya marafiki wa ng'ambo, nayo ilifika kwenye kreti ndani ya nyasi kavu bila kitabu cha maelezo. Daktari wetu mkuu alikuwa mtawa wa Kizungu tuliyemwita Daktari Sista, aliyekaa kwetu miaka mingi mpaka akawa anagomba kwa Kihaya. Yeye ndiye aliyeiomba. Alisema wanawake wanakuja na uvimbe mkubwa kama yai la bata, wamechelewa, na yeye anataka kuuona ukiwa bado punje.

Mashine ile inabana titi kati ya meza na bamba, kwa sababu titi likitandazwa ndipo vitu vidogo vinaonekana. Wanawake waliiita Kifinyio. Walisema inawakamua kama ndizi za lubisi, pombe yetu ya ndizi. Na waliiogopa mara mbili: kwanza maumivu, pili macho ya watu. Mwanamke akionekana amekaa kwenye benchi letu ameshika kwapa, jioni habari imefika kwao kwamba ana Juliana.

Hapo ndipo nilipojipatia sifa. Niliweka pazia. Nesi wangu, Paskazia, dada wa makamo asiyependa maneno mengi, ndiye aliyewaingiza, akawavua, akawapanga kwenye mashine. Mimi nilisimama nyuma ya ubao wa risasi unaozuia mionzi, nimegeuza uso ukutani, nikasema, "Tayari?" Paskazia akijibu tayari, nilibonyeza. Habari zikaenea kutoka Kashozi mpaka Muleba kwamba kuna bwana eksirei asiyetazama. Wanawake wakaanza kuja. Paroko alinisifu kanisani bila kunitaja jina, na mimi nikajifanya sijui anayesemwa. Nilijivuna, sitaki kuwaficha.

Kumbe kulikuwa na jambo ambalo mimi, Paskazia na Daktari Sista tulikuwa hatulijui. Mwanamke mwenye uvimbe hakuanzia kwetu. Alianzia kwa mganga, na mganga alimpa mumbwa. Huo ni udongo unaochanganywa na majani ya dawa, ukakaushwa kama kijiti, kisha mtu huusugua juu ya jiwe lenye maji na kujipaka. Daktari Sista alikuwa mkali sana kwa habari za mumbwa. Akiuona kwenye ngozi ya mtu aliweza kumfokea mpaka akalia. Kwa hiyo kabla ya kuingia kwetu kila mwanamke alijifuta kwa kanga, akafuta panapoonekana. Chini ya titi, kwenye mkunjo, na kule kwapani, punje zilibaki. Paskazia aliwapanga haraka haraka kwa kuwaonea aibu. Mimi nilitazama ukuta.

Mwaka wa pili wa mashine hiyo akaja mama mkwe wangu.

Kwao ni Muleba, upande wa Kamachumu. Jina lake Ma Leokadia, mwanamke mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa mabega bila kutoa sauti. Kwa desturi yetu mama mkwe hatazamwi ovyo. Miaka sita nilikuwa nimemwoa binti yake na sikuwahi kula naye meza moja. Tukikutana njiani yeye alipinda upande wa migomba, mimi nikatazama ng'ambo ya barabara, tukasalimiana kwa migongo. Mke wangu alinijia jikoni siku hiyo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama amepata kitu kwenye titi la kushoto.

Nilipiga picha zake mbili, moja kutoka juu na moja ya ubavuni. Nasema nilipiga, lakini siku hiyo nilisimama mbali kuliko siku zote. Hata "tayari" sikusema mwenyewe, nilimwachia Paskazia agonge ukuta.

Filamu zilipokauka nikazipandisha kwenye boksi la taa. Palikuwa na uvimbe wa duara. Na chini yake, chembe nyeupe kama kumi na tano, zimekusanyika pamoja kama chumvi iliyomwagika. Mnajua ninyi maana ya chembe za namna hiyo. Daktari Sista alizitazama kwa kioo cha kukuzia muda mrefu, akavua miwani.

"Ni kansa," alisema. "Titi lote, na tezi za kwapani. Alhamisi. Tafuteni damu, chupa mbili."

Ilikuwa Jumatatu. Nilikwenda chumba cha giza nikafunga mlango nikakaa juu ya dumu. Sikuwa nalilia titi. Nilikuwa nafikiria zile chupa mbili.

Kipimo cha kuitambua Juliana ndani ya damu kilikuwa bado hakijatufikia. Tulisikia tu kwamba kipo. Damu ilitolewa kwa ndugu, ikapimwa kundi, ikatundikwa. Kila mfanyakazi wa hospitali alijua tunachokitundika huenda ni nini, na hakuna aliyekisema wodini. Mnielewe, hatukuwa watu wabaya. Mtu akiwa anakufa mezani kwa kukosa damu, unampa iliyopo.

Jumanne ndugu wakapimwa makundi. Mimi sikulingana, mke wangu hakulingana, baba mkwe alikuwa mzee mno. Aliyelingana alikuwa shemeji yangu Deo peke yake.

Deo alikuwa mtoto wa mwisho wa Ma Leokadia. Alifanya biashara ya samaki kule visiwani Muleba, akakaa kambini na wavuvi kutoka kila upande, akirudi nyumbani kila baada ya miezi kadhaa na sangara wakavu na kelele nyingi. Kila mtu alimpenda. Alipoambiwa damu yake imelingana na ya mama alishangilia kama mtu aliyefunga goli. "Waitu, alinipa yeye kwanza," alisema, "namrudishia yake."

Nilimtazama alipoinuka kwenye kiti. Mkanda wake wa suruali ulikuwa na tundu mpya tatu, zimetobolewa kwa msumari, moja baada ya nyingine kuelekea ndani. Ncha ya mkanda ilikuwa imezunguka mpaka mgongoni. Na alikuwa na kikohozi kikavu ambacho alikifunika kwa kicheko.

Sasa niambieni, ninyi mliosoma, ningefanya nini? Nikisema damu ya Deo isichukuliwe, nimemtangaza Deo kwa ukoo mzima kwamba ana Juliana, na huenda hana, huenda ni malaria ya visiwani. Nikinyamaza, namwingizia mama mkwe kifo kwa mpira, mbele ya macho yangu. Na asipokatwa, kansa inamla. Nilirudi nyumbani sikula. Mke wangu akaniuliza kama nimeona kitu kingine kwenye picha. Nikamwambia hapana. Akaniambia, "Mbona unaniangalia kama uliyeniibia?" Nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Niliogopa siku ile kuliko siku za mizinga, kwa sababu mizinga ilikuwa inapigwa na mtu mwingine.

Jumatano mchana nikamtembelea Mzee Sudi. Alikuwa amestaafu, macho yamekuwa na ukungu, anakaa barazani kwake anakaza kamba za kitanda. Nilikuwa nimebeba filamu za mama mkwe kwenye bahasha, sijui nilitaka nini, maana mtu haoni. Nikamsimulia zote mbili, ya titi na ya Deo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umeitazamia wapi?" akauliza.

"Kwenye boksi la taa."

"Kingo zake zikoje?"

Nikamwambia kingo ni nyeusi tii, kama kawaida. Picha za matiti ndivyo zilivyo: katikati panasomeka, lakini pembeni, pale ngozi inapoishia, mionzi imepita mno, pameungua. Hakuna anayepatazama.

"Risasi ya yule askari uliiona ndani," akasema, "kwa sababu hukutafuta nje. Itoe juani."

Nikasimama uani kwake nikainua filamu ya ubavuni kulielekea jua. Jua kali, vijana wangu, linapenya pale taa ya boksi inaposhindwa. Ule weusi wa pembeni ukafunguka, nikauona mstari wa ngozi, mwembamba kama uzi, unateremka mpaka kwenye mkunjo. Na nje ya mstari huo, kwenye hewa tupu, ambako hakuna nyama wala mwili, palikuwa na chembe mbili nyeupe. Zilikuwa sawasawa kabisa na zile kumi na tano za ndani.

Kansa haikai hewani. Nikamwambia Mzee Sudi ninachokiona, naye akaendelea kukaza kamba yake. "Umemuuliza amepaka nini?" akasema. Nikamwambia ni mkwe wangu, nitamuulizaje? Akasema, "Mficha uchi hazai. Na wewe unayemfichia, ndiye utakayemzika."

Nilirudi hospitali nikikimbia na suti yangu ya kaunda, watu wananipisha. Daktari Sista alikuwa anaandika. Niliweka filamu dirishani nikamwonyesha. Alitazama, akaniuliza swali moja tu: ni nani aliyemkagua ngozi kabla ya picha? Nikasema hakuna. Nikamweleza habari ya pazia na ukuta, na safari hii sikuona sifa yoyote ndani yake. Nilidhani atanifokea. Alikuwa amekuwa mweupe kuliko weupe wake.

"Piga tena," akasema. "Wewe mwenyewe. Kwa macho."

Nilimwomba Paskazia aniletee beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni, nikaliondoa pazia. Ma Leokadia alikuwa amekaa kwenye kiti, kanga mbili shingoni. Nilipoingia alianza kuinuka atoke, kama tulivyozoea.

"Mama, kaa," nikamwambia. "Nataka kukuuliza. Umepaka mumbwa?"

Akazikaza kanga zake shingoni. Paskazia akatazama chini. Halafu mama akasema, kwa Kihaya, kwamba alipaka wiki mbili, akafuta asubuhi ile ya picha ili Sista asimfokee. "Nilifuta vizuri," akasema.

"Lazima nitazame, mama."

"Wewe?"

"Mimi."

Mabega yake yakatikisika. Nilidhani analia, kumbe alikuwa anacheka kile kicheko chake, ingawa machozi nayo yalikuwepo. "Waitu, nimeishi mpaka kuona haya," akasema. Kisha akachukua kanga ya juu akajifunika kichwa chote, uso na kila kitu, akaifunga nyuma. Akasema kutoka ndani ya kanga, "Basi. Mimi mama mkwe wako sipo hapa. Huyo aliyebaki, mtazame."

Nikatazama. Chini ya titi, ndani ya mkunjo, kulikuwa na mstari wa udongo wa kijivu uliokauka, na punje nyingine kwapani. Tulimwosha kwa kitambaa, mimi na Paskazia, pole pole, maji yakabadilika rangi ndani ya beseni. Nikampanga mwenyewe, nikalibana bamba mwenyewe, nikapiga.

Chumba cha giza siku ile niliona dakika hazisogei. Filamu ikatoka kwenye dawa, nikaiosha, nikatoka nayo juani inadondosha maji. Chembe hazikuwepo hata moja. Uvimbe wa duara ulikuwepo, kingo zake laini kama punje ya kahawa mbichi. Daktari Sista akauchoma sindano, akavuta maji ya manjano kujaza bomba moja dogo, uvimbe ukaisha chini ya vidole vyake. Ma Leokadia akapanda basi la Muleba Alhamisi ile ile aliyokuwa akatwe.

Deo alisikitika kidogo kwamba damu yake haikutakiwa. Akampelekea mama sangara badala yake. Mwaka haukuisha tukamzika Deo kwenye kibanja cha baba yake, na siku ile tulipolibeba jeneza lilikuwa jepesi mno. Mama yake hakujua, mpaka anakufa kwa uzee, damu ile ilikuwa karibu yake kiasi gani. Mimi ukoo wao ulinitoza mbuzi na kibuyu cha lubisi kwa kumtazama mkwe. Nililipa kwa furaha. Ma Leokadia mwenyewe alikunywa lubisi ile akisema mtu aliyetazamwa hakuwa yeye.

Ningeweza kuishia hapo, na kwenye harusi na vikao vya wastaafu huwa naishia hapo. Watu wanacheka habari ya kanga na mbuzi. Ninyi lakini mtashika kazi hii, kwa hiyo nawaambia iliyobaki.

Ijumaa asubuhi nilitoa boksi la filamu zote za matiti tulizopiga tangu mashine ilipofika. Hazikuwa nyingi. Mimi na Paskazia tulikaa nyuma ya jengo, tukainua moja moja juani. Nyingi zilikuwa safi. Halafu nikainua moja nikashindwa kuishusha, na Paskazia akajua.

Ilikuwa ya Ma Adventina wa Kaagya. Chembe ndani, na chembe tatu nje ya ngozi. Yeye alikuwa ameshakatwa titi, mwaka mmoja kabla. Alitundikiwa chupa mbili za damu kutoka kwa watu wa kwao. Kipande kilichokatwa kilipelekwa mbali kupimwa na jibu halikurudi kamwe, kama yalivyokuwa majibu mengi siku zile. Daktari Sista aliitazama filamu ile akasema huenda kulikuwa na udongo na kansa pia, vyote pamoja, hatutajua. Akasema kisu alishika yeye, mzigo ni wake. Lakini ukuta ule nilikuwa naangalia mimi.

Nikapanda baiskeli mpaka Kaagya. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilimkuta anaanika kahawa kwenye jamvi, gauni limelala upande mmoja, uso mzuri, hajakonda. Alinitambua. Akaniletea punje za kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama tunavyompa mgeni wa heshima, akapiga magoti.

"Wewe ndiye bwana asiyetazama," akasema. "Mume wangu asingeniruhusu kwenda kwa mwingine. Bila wewe ningeshakufa."

Nikachukua punje mbili nikatafuna. Nikamwuliza habari za watoto. Kisha nikarudi mjini.

Kwa miaka mingi baada ya hapo nilimtafuta kwa macho kila sokoni na kila sherehe, nikamtazama mashavu, nikamtazama mifupa ya shingo, nikisikia mtu wa Kaagya amelazwa nauliza kwanza jina. Hakukonda. Damu ile, kwa rehema ya Mungu, ilikuwa safi, au sijui niseme nini. Alizeeka. Mwaka jana tulimzika. Mwanawe aliposoma wasifu wa marehemu alifika kwenye habari ya titi, akasema aliyemwokoa mama yetu yupo hapa msibani, tunaomba asimame tumshukuru.

Nilisimama, vijana wangu. Watu wote wale walikuwa wananitazama na sikuwa na ujasiri wa kubaki nimekaa.

Filamu yake ninayo, ipo kwenye kabati la chumbani, bahasha ya kahawia, chini ya mashuka. Mmoja wenu akailete. Tutoke nayo nje sasa, jua halijashuka.